Kalemie: Ganzi isiyouma ndiyo ya kuogopwa

Mtu akiumwa mgongo, maumivu yakashuka mpaka mguuni, halali usiku. Mara nyingi mshipa wa fahamu umebanwa pale unapotokea kwenye uti wa mgongo, na mwenyewe hutafuta dawa bila kusukumwa. Ganzi ya ukoma haiko hivyo. Haiumi, haiwashi, haimnyimi mtu usingizi. Kwa hiyo watu wanaizoea, na siku wanapoamka kuitafutia dawa, vidole vimekwisha kujikunja.

Mama mmoja aliyekimbia mapigano upande wa Nyunzu alifika Kalemie na doa kwenye mkono, lililopauka kuliko ngozi yake. Alikuwa nalo kwa miaka miwili. Alilipaka mafuta ya mawese, akaendelea kulima. Aliyeshtuka wa kwanza ni binti yake: mama alinyanyua sufuria kwenye mbabula kwa mkono mtupu, harufu ya ngozi inayoungua ikatoka, naye hakuwa na habari.

Majirani walisema amelogwa. Shemeji yake alitaka ahamishiwe hema la pembeni. Binti ndiye aliyemshika mkono mpaka kituo cha afya.

Muuguzi hakutumia mashine yoyote. Alichukua kipande cha pamba. «Mama, funga macho. Nikikugusa, onyesha kwa kidole ni wapi.» Mama alionyesha vizuri kila mahali, isipokuwa kwenye doa. Kisha muuguzi akapapasa nyuma ya kiwiko, akakuta mshipa umevimba kama kamba. Kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vimeanza kukunjika.

Ukoma si uchawi, wala si laana ya ukoo. Ni mdudu aliyeonwa na daktari Hansen wa Norway mwaka 1873. Hupenda mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi: kwenye kiwiko, kifundo cha mkono, chini ya goti kwa upande wa nje, kifundo cha mguu, na ile ya uso. Anazaliana polepole sana. Alama zinaweza kuchelewa miaka 5, hata 20. Kwa hiyo anayeugua leo pengine aliambukizwa kabla ya kuhama.

Dawa ipo, na tangu 1995 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, limehakikisha inatolewa bure. Ni vidonge katika karatasi za siku 28. Mwenye madoa yasiyozidi matano hupewa karatasi 6. Mwenye mengi zaidi, au ambaye mshipa wake umevimba, hupewa 12. Baada ya kuanza dawa, mgonjwa huacha haraka kuambukiza. Hakuna sababu ya kumtenga na sahani wala na watoto wake.

Mambo mawili huwatisha watu wakaacha dawa: mkojo kuwa mwekundu, na ngozi kuwa nyeusi zaidi. Yote yanatokana na dawa, nayo hupita.

Jambo la tatu ni vita. Familia inahama usiku, dawa inabaki nyumbani. Wahami wajue hili: karatasi 6 zinaweza kumalizwa ndani ya miezi 9, na 12 ndani ya miezi 18. Aliyekatiza asijifiche. Afike kituo kilicho karibu, aonyeshe karatasi yake hata ikiwa tupu, aendelee.

Kuna hatari nyingine. Katikati ya matibabu, au hata baada ya kumaliza, mshipa unaweza kuvimba ghafla na kuuma, madoa yakawa mekundu, mguu ukaanza kuburuta. Hapo si kungoja Jumatatu. Kuna dawa ya kutuliza uvimbe, prednisolone, ambayo daktari huipima na kuifuata kwa wiki nyingi. Ikianza mapema, mshipa unaweza kupona. Udhaifu ukipita miezi sita, mara nyingi haurudi nyuma.

Mama yule amemaliza karatasi zake 12. Vidole viwili havijanyooka, lakini mkono unashika jembe. Sufuria anaishika kwa kitambaa kinene. Kila jioni analoweka mikono na miguu katika maji baridi karibu nusu saa, anapaka mafuta ya mawese yale yale, kisha binti anatazama nyayo zake kama kuna mwiba au kidonda, kwa sababu maumivu hayatamwambia.

Wazazi, mnapowaogesha watoto, tazameni migongo, mikono na matako. Doa lililopauka au jekundu, ambalo mtoto hasikii ukiligusa kwa pamba, lipelekwe kituo cha afya wiki hii, hata kama haliumi. Na wote mnaolala naye nyumba moja mwende mkapimwe pia.