Magunia Matatu ya Makala

Mwezi wa tisa mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika. Hapa Kalemie wanafunzi wengi tuliyafuata kwenye simu, kila mmoja kwa kadiri ya megabaiti alizoweza kununua. Mimi nilivutwa zaidi na namna watangazaji walivyoizungumzia milima kuliko na washindi. Kila mpando ulikuwa na jina lake, urefu wake na ukali wake. Kule Ufaransa, katika milima ya Alpi, barabara ya kupanda Alpe d'Huez ina kona 21, na kila kona ina namba na kibao chenye jina la mtu aliyewahi kushinda pale. Nikajiuliza ni nani atakayeandika majina ya mipando ya kwetu.

Wanaoijua mipando hiyo wapo. Ni wasukumaji. Mjomba wangu, ndugu wa mama, ni mmoja wao. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameleta makala sokoni kutoka vijiji vya magharibi. Wasomaji wetu wa Tanzania wasishangae: kwetu makala si maandishi ya gazetini, ni mkaa. Gunia moja hulala juu ya karia, mawili huning'inia ubavuni. Uma wa mbele umeongezewa vyuma na mchomeleaji, na pedali zimeng'olewa kwa sababu humgonga msukumaji kwenye muundi. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akiwa pembeni. Baiskeli ya namna hiyo haipandwi tena. Hutembea pamoja na mwenyewe.

Kalemie iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Bonde la Ufa, kwenye mwinuko wa mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Karibu kila anayetoka mjini kwenda bara lazima apande. Mjomba hugawa njia katika sehemu tatu. Ya kaskazini huelekea Kabimba, penye kiwanda cha saruji, kisha Bendera, ambako maji ya mto Kyimbi huzalisha umeme, na mwishowe Fizi na Uvira. Hiyo yeye huiita njia ya mito, maana mvua ikinyesha msukumaji hupanga safari kwa kufuata madaraja. Ya kusini huelekea Moba na nyanda za juu za Marungu. Hiyo huiita njia ya vijana, na hana haja ya kueleza zaidi.

Njia yake ni ya magharibi, upande wa Nyunzu. Mto Lukuga, ambao ndio pekee unaotoa maji ziwani, unashuka upande huohuo hadi Lualaba. Reli ya kutoka Kabalo, yenye kilomita 273, ilifika hapa mwaka 1915, wakati mji ukiitwa Albertville, nayo pia ilifuata bonde la mto huo. Treni haiwezi mpando mkali. Mjomba husema waliopima reli ile walikuwa na akili ya msukumaji.

Wakati wa likizo nimekwenda naye mara nyingi, na hapo ndipo nilipoanza kusikia lugha. Mjomba hahesabu kilomita. Anahesabu pumzi. Kuna mpando wa pumzi mbili na mpando wa pumzi tano, yaani mara tano unaweka fimbo chini ya kiti, baiskeli inasimama yenyewe, nawe unapumua. Pumzi tatu za kiangazi ni pumzi sita za masika, kwa hiyo kipimo chake kina majira ndani yake, jambo ambalo kilomita haina. Mteremko nao una daraja zake. Upo ule wa kuizuia baiskeli kwa kisigino, na upo ule wa kumwita mwenzako akushikie kamba kwa nyuma. Siku ya kwanza nilipochoka aliniambia: "Mutoto, usisukume na mikono. Sukuma na mwili. Mikono ni ya kuongoza tu."

Hata baiskeli yenyewe ina majina mawili. Darasani tunasema baiskeli. Mjomba, aliyekaa Lubumbashi ujanani, husema kinga, neno ambalo ni jamaa ya incinga ya Wabemba na njinga ya Malawi. Nilimwonyesha kwamba katika kamusi ya Kiswahili sanifu kinga ni kitu cha kumlinda mtu na hatari. Akafikiri kidogo, akasema kamusi haikukosea sana.

Nilipopendekeza msamiati huu uwe mada ya kazi yangu ya kumalizia masomo, mwalimu mmoja aliniuliza, kwa upole, sayansi ya lugha iko wapi katika baiskeli. Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba watu wa usafiri mdogo wameunda maneno mengi Afrika ya Mashariki na Kati bila kusubiri chuo chochote. Boda boda ilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kwa waendesha baiskeli waliowavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, na leo neno hilo limehamia kwenye pikipiki na kufika mbali na mpaka wowote. Kisangani baiskeli ya abiria huitwa toleka, Kilingala cha "tupite". Goma wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ambacho kimewekewa sanamu mjini. Maneno hayo matatu yamebahatika kuandikwa. Ya njia ya Nyunzu bado yako vinywani.

Na vinywa hivyo vinapungua. Pikipiki za Kichina hufanya kwa siku moja safari ambayo mjomba huifanya kwa tatu. Vita vya Watwa na Waluba, vilivyopamba moto kuanzia 2016, vilivihamisha vijiji vizima vya mkoa wetu, na watu walipohama baadhi ya majina ya mahali yalihama nao. Mwaka 2024 ziwa lilifurika likaingia katika nyumba na barabara za mjini, nao wasukumaji wakatafuta vichochoro vya juu ili kufika sokoni. Ziwa hili lina desturi hiyo. Cameron alipoufikia mdomo wa Lukuga mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na tope, na miaka michache baadaye maji yakauvunja mlango. Kwa hiyo njia kubadilika si jambo geni kwetu. Geni ni kwamba safari hii huenda njia ikabaki na maneno yake yakatoweka.

Goti la kulia la mjomba limevimba tangu Pasaka. Muuguzi amemkataza mizigo. Ameamua kuiuza baiskeli, na fedha yake italipa sehemu ya karo yangu ya mwaka wa mwisho. Nilimwambia anibakizie deni, nitafundisha masomo ya jioni, asiuze. Alinijibu kwamba baiskeli imekuwa ikinisomesha tangu shule ya msingi, na sasa inamaliza kazi yake. Sikuwa na neno la kuongeza. Kila gunia lililopanda mpando wa pumzi tano limo katika masomo yangu, na mwenye kuniuliza sayansi iko wapi anastahili kuujua ukweli huo pia.

Daftari langu lina maneno 64 hadi sasa, mengi yakiwa ya mteremko, maana mpandoni msukumaji hana pumzi ya kusema. Nimemwomba mjomba, kabla mnunuzi hajaja, tuifuate njia ya magharibi mara moja zaidi, bila makala, yeye akitaja majina ya mipando nami nikiandika. Amekubali kwa sharti moja, kwamba baiskeli niisukume mimi. Tutaondoka Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani.