Spika za Mtumba kwa Amplifaya ya Mzee: Usidanganyike na Wati

Leo tunaweka pembeni umbea wa mastaa, tuongelee spika. Najua wengi wenu mkisikia "muziki mzuri" mnawaza sabufa yenye taa za rangi, ile inayotikisa vioo vya jirani. Sina ugomvi nayo, kwenye singeli na harusini inafanya kazi yake. Ila kama kwenu kuna amplifaya ya zamani inakula vumbi, soma hii kabla haijaenda kwa watu wa vyuma chakavu.

Ya kwetu hapa Bariadi ni Pioneer. Mzee aliinunua miaka ya themanini baada ya kuuza pamba, pamoja na deki ya kaseti. Simiyu imekuwa mkoa mwaka 2012, zamani sisi tulikuwa Shinyanga, kwa hiyo hiyo mashine imeuzidi umri mkoa wenyewe! Spika zake za mwanzo zilishakufa kitambo, panya wakamalizia. Braza akashauri tuiuze, tuongeze hela, tununue sabufa. Akaazima moja kwa rafiki yake, akaiunganisha na deki, mzee akawekewa Mbaraka Mwinshehe. Akasikiliza kidogo, akauliza, "Huyu anaimbia kisimani?" Akazima. Wiki nzima hakugusa kaseti.

Hapo nikaelewa kuwa shida siyo ukubwa wa sauti. Mzee umri umekwenda, masikio yamepungua, anachotaka ni maneno. Na nyimbo nyingi za enzi zile zilirekodiwa kwenye studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, utamu wake uko kwenye magitaa na sauti ya mwimbaji, siyo kwenye besi nzito. Spika ndogo nzuri, zile za kukaa kwenye shelfu, zinatosha kabisa. Mbaraka alifariki 1979, hatoi wimbo mwingine. Basi hizi zilizopo zisikike.

Mzee akauza mbuzi, akanipa elfu tisini. Akasema, "Nataka maneno, sitaki mtetemo." Hela ya mbuzi huwezi kwenda kuichezea. Kwa hiyo kabla ya safari nikapita kwa fundi mmoja hapa mjini, mtu mzima, ametengeneza redio tangu sijazaliwa. Nikampa shikamoo yake, nikakaa kwenye benchi nikasikiliza.

Jambo la kwanza aliloniambia: anza na amplifaya, siyo spika. Geuza mashine, soma nyuma. Ya kwetu imeandikwa omu 8 hadi 16, wati 25 kila upande. Omu ni ukinzani wa spika. Ukiweka spika ya omu 4 kwenye mashine iliyoandikwa 8, inavuta umeme mwingi zaidi, mashine inachemka, na kwa mashine ya zamani hiyo ndiyo safari ya kaburini. Halafu wale wa kuunganisha spika nne: mbili za omu 8 ukizifunga sambamba upande mmoja, amplifaya inaona omu 4. Usishangae ikianza kunuka.

La pili ni volti. Mashine nyingi za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinatumia volti 100, na sisi umeme wetu ni 230. Ukiichomeka hivi hivi bila transfoma ya kushusha, umeaga. Ya mzee ina swichi ya kuchagua volti kwa nyuma, tukashukuru Mungu.

La tatu ndilo wengi tunapigwa: wati. Wati zilizoandikwa kwenye spika hazisemi itatoa sauti kubwa kiasi gani, zinasema inaweza kubeba kiasi gani. Cha kutazama ni desibeli, ambazo spika nyingine zimeandikiwa nyuma. Kila ukiongeza desibeli 3 unahitaji nusu tu ya nguvu. Piga hesabu: spika ya desibeli 90 kwa wati 25 inakupa sauti sawa na spika ya desibeli 84 iliyopewa wati 100! Kwa mashine ndogo ya zamani, tafuta 88 kwenda juu. Na usidhani wati 25 haziwezi kuua spika ya wati 200. Mashine ndogo ukiikamua hadi sauti inapasuka, inaunguza twita.

Basi nikapanda gari alfajiri, Lamadi, hadi Mwanza. Duka nililoingia muuzaji akanipokea kwa bashasha, "Karibu ngosha, chukua hizi, wati mia tatu!" Zinang'aa balaa. Nikageuza nyuma: omu 4. Zilitoka kwenye minisistimu, zimetengenezwa kuendana na mashine yake. Nikamwambia hapana, akanuna kidogo. Chini ya meza nikaona jozi ya JVC, mbao zimechubuka, wavu umetoboka, omu 8, desibeli 89. Bei laki moja na ishirini.

Sasa ukaguzi, shika hapa. Bonyeza kwa kidole ule mzingo unaoshika koni. Kama ni sponji ya zamani, inamomonyoka kama keki. Kama ni raba, mara nyingi bado ipo. Zile zilikuwa raba. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vyote, ukisikia mkwaruzo, koili imeharibika, acha. Nilikuwa na mita ya fundi: spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi, ikisoma 3 ujue ni ya omu 4, isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Ila mita haikuambii habari za twita, kwa sababu kapasita inaizuia. Hiyo lazima uombe muziki, usogeze sikio. Twita moja ilikuwa kimya.

Mwenye duka akaanza hadithi za "inapona yenyewe". Nikamwonyesha, tukabishana kwa heshima, akashuka hadi elfu hamsini na tano. Fundi akafungua, akakuta kapasita ndiyo imekufa, akabadilisha zote mbili ili zilingane. Elfu kumi na mbili. Akagusa kila spika na betri ya volti 1.5 kwa nukta moja, kuhakikisha koni zote zinatoka nje pamoja. Ukikosea chanya na hasi upande mmoja, besi inapotea na mwimbaji anakuwa kama hana makazi.

Nyumbani nimeziweka kwenye shelfu, twita usawa wa masikio ya mzee akiwa amekaa, mbali na kona, maana kona inaongeza besi na kufunika maneno. Mzee akaweka kaseti ile ile. Akakaa kimya, nikaanza kuogopa. Mara akamwita mama, "Njoo usikie, kuna gitaa la pili humu! Hata miaka ile sikulisikia." Siku hizi braza akirudi kazini anakaa naye pale, na mzee anamsimulia nani alikuwa anapiga nini. Sabufa imerudi kwa mwenyewe.

Ukijumlisha na nauli, kwenye elfu tisini nimerudi na chenji kidogo tu. Ila mashine ya pamba imebaki nyumbani, na mzee anasikia maneno.

Haya, na wewe mdau, kwenu kuna mashine gani ya zamani? Igeuze, soma omu na wati, niandikie hapo chini. Usije tu kuniambia ulishaiuza!