Siku Niliyochorwa Ubaoni

Kwetu Lupembe, penye ukungu na mashamba ya chai, mtoto hufundishwa mapema kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa. Nami nilipokuwa mwalimu nililishika somo hilo kuliko masomo mengine yote. Asubuhi moja ya baridi niliingia darasani nikajikuta nimechorwa ubaoni kwa chaki: tumbo limetangulia, fimbo i kwapani, na mbele yangu kikombe kikubwa kama ndoo. Darasa zima lilikuwa kimya, kimya kile cha watu wanaozuia kicheko. Nikafuta picha. Kisha nikamwita mchoraji, mtoto wa mchuma chai, nikamchapa mbele ya wenzake. Nilimchapa kupita kiasi, maana picha ile ilisema kweli: nilikuwa na desturi ya kuwatuma watoto wanichemshie chai saa za masomo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mgeni wa mpwa wangu Nairobi, nilionyeshwa kipindi cha televisheni kiitwacho The XYZ Show, kilichoanza mwaka 2009 katika Citizen TV, wakati machungu ya machafuko ya 2007 na 2008 yalikuwa bado mabichi. Kilikuwa taarifa ya habari ya mzaha, na wahusika wake ni vikaragosi. Rais Kibaki alikuwapo, Raila Odinga alikuwapo, vichwa vikubwa vya mpira. Uso hufinyangwa kwa udongo, hutolewa kalibu, ndipo humiminwa mpira. Mmoja hukichezesha kikaragosi, mwingine hukipa sauti. Mpwa wangu alicheka, wanawe wakacheka, hata mlinzi wa lango akaja kusimama mlangoni. Mimi nilitazama huku nikingojea polisi wabishe hodi! Hawakuja.

Aliyekianzisha ni Mtanzania mwenzetu, Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1969. Aliacha masomo ya usanifu wa majengo, na mwaka 1992 akaajiriwa Nairobi na gazeti la Nation kuchora vibonzo. Wazo la vikaragosi alilipata kwa Wafaransa, ambao Les Guignols wao walikwisha kuwatania wakubwa wa nchi ile kwa miaka mingi.

Kazi hiyo ina gharama. Januari 2015 alimchora Rais Kikwete katika The EastAfrican. Mwezi huohuo Serikali ilizuia gazeti hilo kusambazwa nchini. Mwaka 2016 Gado alitangaza kwamba mkataba wake na Nation haukuendelezwa. Mwaka huohuo alitunukiwa tuzo ya wachora vibonzo huko Geneva. Sitaki kujifanya hakimu wa kila kibonzo chake. Vingine vilinichoma hata mimi. Lakini nilipozisoma habari hizo sikumfikiria Rais, wala wenye gazeti. Nilikumbuka fimbo yangu.

Maana utani sisi tunao tangu zamani. Baba yangu alipofariki, mtani wetu Mngoni alijitupa kaburini, akadai marehemu hatashuka mpaka amlipe deni la pombe. Tulicheka huku tunalia, tukamlipa. Hakuna aliyemwita mhaini. Basi kwa nini mtani wa baba nilimpa fedha, na mtoto wa watu nikampa viboko?

Mchoraji wangu sasa ni mtu mzima, huandika vibao vya maduka Makambako. Mwaka jana nilishuka kwenye basi makusudi nikamtafute. Nilimkuta juu ya ngazi, brashi mkononi. Akateremka, akanipa shikamoo kwa mikono miwili. Maneno niliyoyaandaa njia nzima yakanipotea. Nikamwambia tu kwamba nahitaji kibao cha kiduka changu cha uzeeni.

Akanitazama kitambo, kisha akauliza kwa adabu, "Na kikombe nikichore, Mwalimu?"

Nikamwambia akichore.