Mashindano ya maneti katika lupango ya Kikula

Mama wapenzi, juma hili sitawapeleka mbali. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa karibu 120, barabara ni moja, na wengi wenu mumeshaipita mara nyingi. Nilienda kumchukua mtoto wangu aliyekuwa kwa yaya yangu wakati wa likizo ya Pasaka. Nilirudi naye, na nilirudi pia na jambo ambalo ninaomba tulizungumzie katika vikundi vyetu.

Kwanza niseme aibu yangu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa safari hii. Mimi ni mwalimu. Kila mwaka ninawaambia wazazi: mufuate watoto wenu, mujue wanapita wapi wakitoka masomo. Lakini mwezi wa tatu mtoto wangu mwenyewe, mwenye miaka 13, alipewa 20,000 FC za minervali, na feza hizo hazikufika masomoni. Zilibaki katika chumba kimoja cha mchezo, nyuma ya soko ya kwetu, mahali vijana wanakaa mbele ya tele wakiwa na maneti mikononi na kucheza mpira wa mashine. Pale anayeshindwa ndiye analipa, na wakubwa wanaweka feza juu ya watoto wanaocheza sawa vile wanavyoweka juu ya jogoo. Nilipigwa na aibu mbele ya mkubwa wa masomo. Nilikasirika sana, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka inje. Likizo ilipofika nilimtuma kwa yaya, nikisema: kule hakuna maneti.

Sikujua.

Nilipanda bisi siku ya posho asubuhi sana. Mnajua barabara ile: makamyoni ya madini yanafuatana sawa vile siafu, na kandokando mifuko ya makala imesimama mbele ya kila kijiji, mirefu kuliko watoto wanaoilinda. Mvua ilikuwa inaelekea mwisho, majani yalikuwa bado mabichi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa na ndoo ya asali. Aliniuliza ninaenda kufanya nini Likasi. Nikasema, kuchukua mtoto. Akauliza: «Iko mugonjwa?» Nikajibu hapana. Sikuendelea.

Likasi ni mji wa vilima. Zamani, mpaka mwaka 1966, uliitwa Jadotville, jina la mkubwa mmoja wa kampuni ya shaba. Baba yetu alifanya kazi pale, na sisi tulikulia katika nyumba za matofali za kampuni. Wale wa umri wangu wanakumbuka namna kambi zilivyokuwa: kulikuwa uwanja wa mpira, kulikuwa mahali pa kukutana, na kulikuwa mtu mkubwa aliyeshika ufunguo na aliyejua majina ya watoto. Mtoto akikosa masomo, habari ilifika nyumbani mbele yake. Kisha kazi zilipungua, na mwaka 2003 Gécamines ilifungua mpango wa kutoka kazini ambao watumishi zaidi ya 10,000 waliingia. Baba zetu walirudi nyumbani. Viwanja vilibaki, lakini yule mwenye ufunguo hakuwapo tena.

Yaya anakaa Kikula. Nilipokaribia lupango yake nilisikia makelele ya watoto, na makelele ya jenereta. Nikafikiri kuna matanga ao harusi. Niliingia, nikaona chini ya mti wa maembe tele mbili juu ya meza, mashuka yamefungwa nyuma na juu ili jua lisiingie, viti vya plastiki vya likelemba yao vimepangwa, na watoto karibu 30. Kwenye ukuta kulikuwa karatasi kubwa yenye majina na pointi. Na aliyekuwa akiandika pointi, biki sikioni, alikuwa mtoto wangu.

Niligeuka kwa yaya. Nilikuwa tayari kusema maneno ambayo ndugu hawasahau.

Yeye akanishika mkono. «Mudogo wangu, kaa kwanza. Kunywa munkoyo. Utapiga kelele nyuma.»

Basi nilikaa, na nilielezwa.

Hata Kikula kuna chumba cha mchezo. Mama wa likelemba ya yaya, wote 12, walikuwa wameshaumizwa na kile chumba: mmoja kwa feza za minervali, mwingine kwa simu iliyouzwa, mwingine kwa mtoto aliyerudi saa 4 ya usiku. Walienda kwa mkubwa wa mtaa kuomba kifungwe. Kilifungwa siku tatu, kisha kikafunguliwa katika barabara nyingine, ndani zaidi, mahali ambapo mama hawaoni. Ndipo yaya aliwaambia wenzake: tunafukuza watoto kutoka mahali tunapowaona na kuwapeleka mahali tusipowaona. Kama mchezo hautaki kutoka, basi uje katika lupango yetu.

Walimwita kijana mwenye mashine. Alikuja akiogopa, akifikiri wanataka kumshitaki. Walimwambia: utatukodisha mashine zako mbili siku moja kwa mwezi, asubuhi, wakati wewe mwenyewe hauna wateja. Alikubali.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo niliomba kuona daftari la feza. Ninawapa kama nilivyoliona. Wachezaji 16, kila mmoja 1,500 FC, jumla 24,000 FC. Waliotoka: kukodi mashine mbili na maneti tano, moja ya akiba, 10,000 FC. Esanse lita mbili, 7,000 FC. Madaftari na biki za zawadi, 5,000 FC. Karatasi na kalamu nene, 1,000 FC. Jumla 23,000 FC, ikabaki 1,000 FC. Tele zilitoka katika nyumba za mama wawili, jenereta ni ya jirani, viti ni vya likelemba. Watoto wawili hawakuwa na feza: walichota maji na kupanga viti siku ya mbele, na kasha la likelemba likawalipia. Vitumbula na munkoyo viliuzwa na mama wenyewe, na feza hizo ziliingia kwenye kasha.

Kuhusu zawadi, musiogope kwamba madaftari ni kidogo. Tarehe 19 mwezi wa 10 mwaka 1972, katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, wanafunzi walifanya mashindano ya mchezo wa ordinatere ulioitwa Spacewar, na hayo ni kati ya mashindano ya kwanza ya namna hii yanayojulikana. Zawadi ilikuwa kupata gazeti la Rolling Stone mwaka mmoja. Walianza na gazeti.

Kile kilichonipendeza zaidi ni namna walivyopanga michezo. Mara ya kwanza, yaya alinieleza, walifanya kama watu wengi wanavyofanya: ukishindwa unatoka. Kwa watu 16 hiyo ni michezo 15 tu, inaisha mbio. Lakini watoto 8 walitoka nyuma ya mchezo mmoja wa dakika 6. Walilia, na wawili walienda moja kwa moja katika kile chumba ili «kumaliza hamu». Mara hii walifanya vikundi vinne vya watoto wanne. Kila mtoto anakutana na wenzake watatu, hiyo ni michezo 24. Wawili wa kwanza wa kila kikundi wanaendelea: robo michezo minne, nusu miwili, na wa mwisho mmoja. Jumla 31. Kwa tele mbili, ukihesabu dakika 10 kwa kila mchezo pamoja na kubadilishana viti, ni saa mbili na nusu na dakika kidogo. Walianza saa 3 ya asubuhi, na kila mtoto alicheza mara tatu kwa 1,500 FC zake.

Kila mtu alitaka timu kubwa za Bulaya, kwa hiyo timu zilipigiwa kura kwa vikaratasi ndani ya sufuria. Sheria nyingine ziliandikwa kwenye mlango: hakuna kuweka feza juu ya mchezo, hata 100 FC. Mzazi ao mlezi lazima ajue. Hakuna michezo ya kuua watu. Mkubwa akitukana, anatoka hata kama yeye ni jirani.

Mbele ya mimi kufika, umeme ulikuwa umekatika katikati ya mchezo. Katika chumba cha mchezo jambo hilo ni vita, kwa sababu aliyekuwa anashinda anadai na aliyekuwa anashindwa anakataa. Hapa mtu wa kuandika alikuwa na daftari: kila bao, na dakika yake. Ilikuwa 2 kwa 1, dakika ya 70. Wakati jenereta ilipowaka walianza mchezo mpya, wakaucheza mpaka dakika ya 20 peke yake, kisha wakajumlisha mabao. Hakuna aliyepiga kelele. Nikauliza nani alitunga sheria hiyo. Yaya akaonyesha kwa kidevu upande wa mtoto wangu.

Jambo moja lilinisumbua, na mama walikubali kwamba ni kosa lao. Katika watoto 16, wasichana walikuwa wawili tu, na mmoja aliingia kwa sababu mvulana fulani hakufika. Alikuwa anauza vitumbula na mama yake. Wavulana walicheka. Alishindwa mchezo wa kwanza, akashinda miwili iliyofuata, akafika robo. Mama yake aliendelea kumwita: «Kuja, sinia inabaki peke yake!» Mwishowe yaya alichukua ile sinia, akauza yeye mwenyewe. Mara ijayo nafasi nne zitawekwa kwa wasichana, na mama wameanza kutafuta nani atauza vitumbula wakati huo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ngumu.

Na mtoto wangu? Hakucheza hata mchezo mmoja. Yaya alimwambia siku alipofika: wewe uko na deni, mwenye deni hachezi, lakini anaweza kuandika. Kila jioni aliuza makala na mama mkubwa wake. Tulipokaa peke yetu alinipa bahasha. Ndani kulikuwa 6,000 FC. Alisema: «Mama, inabakia 14.»

Nilitaka kumwambia kwamba feza si jambo kubwa. Lakini ni jambo kubwa, kwa sababu zile 20,000 nilikuwa nimeziazima kwa mwenzangu wa kazi, na bado ninamlipa. Kwa hiyo nilizihesabu mbele yake, nikaandika, nikatia sahihi, na yeye akatia yake.

Katika bisi ya kurudi, kesho yake jioni, nilimuuliza kitu nilichopaswa kumuuliza mwezi wa tatu: pale katika chumba kile, ulikuwa unatafuta nini? Alinyamaza mpaka tukapita Lwisha. Kisha akasema: «Pale hakuna mutu ananiuliza pointi.»

Mama wapenzi, neno hilo sijalimaliza bado. Nyumbani kwetu, mimi ninarudi na madaftari ya watoto 50 ya kusahihisha, na kwa mtoto wangu ninabaki na swali moja tu: umepata ngapi? Simsifu kwa kuiba. Lakini nimeelewa kwamba nilikuwa nimemwachia mwenye chumba kazi ya kumkaribisha mtoto wangu, na mwenye chumba aliifanya kwa bei yake.

Sisemi kwamba kila kikundi kinunue mashine. Wala sisemi kwamba sasa Kikula kuna amani: kile chumba bado kinafunguliwa usiku, na mama mmoja wa likelemba amekataa kabisa, akisema tunawafundisha watoto tabia ile ile mchana. Yaya hamlaumu. Alimpa kazi ya kusimama mlangoni na kumfukuza yeyote mwenye kuweka feza, na mama huyo anaifanya vizuri kuliko wote.

Mimi nilienda nikisema kwamba ubaya uko ndani ya mashine. Nimerudi nikiamini kwamba tatizo ni nani anayeshika ufunguo wa lupango. Zamani kampuni iliushika kwa ajili yetu. Leo hakuna mtu mwingine isipokuwa sisi, pamoja na viti vyetu vya plastiki na sufuria ya vitumbula.

Katika kikundi chetu tumekubaliana kujaribu siku ya posho ya mwisho ya mwezi ujao, tukimaliza likelemba. Tunahitaji tele moja ya kuazima na lupango yenye kivuli. Mwenye navyo aniambie masomoni, ao amwambie mtoto wangu. Yeye ndiye atakayeandika majina. Deni lake limebaki 11,500 FC.