Ukwaju wa Maji ya Kisima

Bibi yangu alichagua sharubati kwa kuangalia maji kwanza, matunda baadaye. Ngomeni ni rasi iliyoingia baharini kaskazini ya Malindi, mikoko iko nyuma yake, na ukishavuka mikoko unakutana na mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni. Ardhi kama hiyo haikupi kisima kitamu. Maji yetu yalikuwa na munyu, na kwa maji hayo alitengeneza ukwaju, kwa sababu ukali wake hufunika munyu. Tena mabonge ya ukwaju tuliyonunua Malindi yalikuwa yamekwisha kukandwa na chumvi ili yasiharibike. Ndimu haina ubavu huo. Ndimu zilingoja mvua.

Ramadhani ninayoikumbuka zaidi ni ya 1988, iliyoingia Aprili. Tarehe 25 Machi roketi ilikuwa imeruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini mbele yetu, lile lililorusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Wakubwa waliizungumza hadi mwezi ukaandama, wala hawakujua kuwa ndiyo ya mwisho. Mimi nilikuwa na kazi yangu. Sikuwa nimefikia umri wa kufunga kutwa, nilifungua adhuhuri, kwa hiyo mwonjaji wa nyumba nzima nilikuwa mimi.

Baada ya adhuhuri bibi alilowesha ukwaju kwa maji ya vuguvugu katika bakuli la udongo. Sufuria hakuitumia kamwe, maana ukali wa ukwaju hula alumini na kinywaji kikaja na ladha ya chuma. Aliuvuruga kwa vidole mpaka nyama ikaachana na kokwa na nyuzi, akauchuja kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa hadi kikalainika. Tangawizi ilitwangwa kinuni pamoja na iliki mbili tatu. Sukari aliikadiria kwa jicho. Nanaa aliifikicha mwisho kabisa, kila kitu kikiwa kimepoa. Siku hizi naona watu wakiichemsha pamoja na sukari, na inaniuma: harufu yote inaondoka na mvuke, wanabaki na majani.

Barafu ya kunywa hatukuwa nayo. Sharubati iliingia mtungini, mtungi ukawekwa kivulini upande unaopigwa na upepo wa kusi. Udongo hutoa jasho, jasho likikauka huchukua joto, na kufikia magharibi kinywaji kilikuwa baridi ya kutosha koo lililokauka tangu alfajiri. Kabla ya kufunika, bibi alininyoshea kata.

“Onja, mke mwenzangu. Wasikia munyu?”

Nikisema nausikia, aliongeza ukwaju.

Kisha usiku mmoja masika ikashuka. Nyumba yetu ilikuwa ya makuti, na maji ya makuti hutoka na rangi ya chai, lakini jirani alikuwa na paa la bati. Tukaacha mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndoo zikapangwa chini ya mchirizi, zao na zetu.

Alasiri yake bibi alikwenda kukata mchaichai. Shina lilikuwa pale tulipotawadhia, likinyweshwa mara tano kwa siku bila mtu kulikusudia. Aliyafunga majani fundo, akayachemsha kidogo kwa maji ya mvua, akayaacha yapoe. Ndimu aliziviringisha chini ya kiganja ili zilegee, akazikata, akazikamua na kuondoa kokwa zote zisije zikatia uchungu. Sukari ilikuwa nusu ya ile ya ukwaju.

Kata ikaja. Nikaonja, nikaonja tena, nikamwambia sisikii munyu hata chembe. Akacheka kwa sauti, akajaza jagi la kwanza hadi ukingoni, akanituma kwa jirani mwenye bati nifike kabla ya mwadhini, maana maji yalikuwa yao.