Mnara Ulioupisha Mlima

Mchoro wa awali wa jengo la International Commerce Centre, ambalo wenyeji wa Hong Kong huliita ICC tu, ulikuwa wa mita 574. Ujenzi ulipokamilika mwaka 2010, mnara ulikomea mita 484. Kilichoupunguza ni kanuni za mji, zilizokataa jengo lolote lipande kuliko milima inayouzunguka. Kilele cha Victoria, ng'ambo ya pili ya maji, kina mita 552. Wachoraji wa Kohn Pedersen Fox wakarudi mezani, wakaukata mnara.

Naanza na habari hii kwa sababu mgeni huitazama Hong Kong akadhani ni mji usiojua kutosheka. Kumbe hata jengo lake refu kuliko yote liliambiwa liwe na adabu mbele ya mlima, na likasikia. Tangu nilipolijua hilo nimeupenda mnara huu kuliko mingine mingi inayouzidi kimo.

Pale uliposimama palikuwa bahari. West Kowloon ilifukiwa katika miaka ya 1990, wakati mji unajenga uwanja mpya wa ndege wa Chek Lap Kok. Uwanja wa zamani, Kai Tak, ulikuwa katikati ya makazi. Ndege zilitua zikipita juu kidogo tu ya mapaa ya watu, na kwa ajili yake majengo ya Kowloon yalibanwa kimo miaka nenda miaka rudi. Kai Tak ilipofungwa Julai 1998, anga ya Kowloon ikawa huru. Kwa hiyo treni inayokutoa uwanja mpya na mnara unaoshukia chini yake ni watoto wa uamuzi mmoja. Safari ni dakika 20 na ushei. Unashuka stesheni ya Kowloon, unapanda ngazi za umeme, na kabla hujaliona jua umeshaingia mjini.

Ni mji hasa. Juu ya stesheni kuna maduka ya Elements, yaliyogawanywa katika sehemu tano kwa majina ya chuma, mti, maji, moto na udongo. Kandokando yake kumepandishwa majumba ya fleti. Ndani ya mnara, ofisi za mabenki zimejaza sehemu kubwa. Ghorofa ya 100 ni ukumbi wa kutazamia mandhari, uitwao Sky100. Kisha kuanzia ya 102 hadi ya 118 ni hoteli ya Ritz-Carlton. Lifti za ofisini zina vyumba viwili vilivyobebana, kimoja kikihudumia ghorofa za namba shufwa na kingine za witiri, maana bila hivyo umati wa asubuhi usingemalizika kupanda. (Usishangae kukosa baadhi ya namba zenye nne ukutani. Huko nne ni namba ya mkosi, hivyo ghorofa halisi ni chache kuliko 118.)

Kinachonivutia zaidi ni hesabu iliyo chini ya yote hayo. MTR, kampuni ya reli, hupewa haki ya kujenga juu ya stesheni zake, na mapato ya nyumba na maduka husaidia kulipia reli. Mpangaji wa fleti yenye mandhari ya bahari anachangia njia anayopita mfagizi alfajiri. Anasa nyingi nilizoziona duniani hujitenga kwa kuta na mageti. Hii imekaa juu ya stesheni ya watu wote.

Mapokezi ya hoteli yako ghorofa ya 103. Ilipofunguliwa Machi 2011, ndiyo iliyokuwa hoteli iliyo juu zaidi duniani, na hata leo vioo vyake vinakufanya uache kuzungumza. Upande wa magharibi kuna winchi za bandari ya Kwai Chung na daraja la Stonecutters; mtu aliyekulia karibu na bandari atasahau chai yake hapo, akihesabu meli zinazosubiri zamu. Kusini, vivuko vya Star Ferry vinakatiza ghuba, kazi iliyoanza mwaka 1888. Ghorofa ya 118 ina bwawa la kuogelea na baa iitwayo Ozone. Na hapo juu kabisa, baada ya kupanda kote huko, elekeza macho kwenye Kilele cha Victoria: bado kiko juu yako.

Chagua majira. Machi na Aprili ukungu huweza kuuficha mji wote, ukalipia kiingilio uone weupe mtupu. Oktoba hadi Desemba hewa hutakata. Kwa asiyelala hotelini, tiketi ya Sky100 inatosha. Lifti hukufikisha kwa takriban dakika moja. Panda kama saa moja kabla ya magharibi, upate mchana na usiku kwa bei moja.

Kisha nenda Nathan Road, kilomita kama mbili hivi, uingie Chungking Mansions. Jengo hili la mwaka 1961 lina ghorofa 17, na hapo huchelewi kusikia Kiswahili: wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya wamelizoea miaka mingi. Mwanaanthropolojia Gordon Mathews, aliyelichunguza kwa muda mrefu, alikadiria kwamba huenda simu 20 katika kila 100 zilizokuwa zikitumika kusini mwa Sahara zilipitia kwenye vibanda vyake. Kitabu chake kilitoka 2011, mwaka uleule Ritz-Carlton ilipofungua milango. Mimi nayaona majengo haya mawili kuwa ndugu wa damu: duka chini, kitanda juu, ofisi katikati, na watu wa kila taifa wakigombea lifti. Anayeusifu mnara wa ICC bila kufika Chungking ameijua nusu tu ya Hong Kong. Kale chakula cha usiku hapo, kwenye vyumba vya kulia vya Wahindi na Wapakistani. Mkate unaokwa ukiutazama, na mchuzi wa mbuzi una viungo ambavyo mtu wa pwani hahitaji kutajiwa majina.