Mkeka wa Ukumbini

Enzi hizo, ukiingia Ngamiani jioni, kilichokupokea kwanza ni kengele za baiskeli. Mwaka 1996 Tanga ilikuwa ya baiskeli, na ya mume wangu niliijua kwa kilio cha mnyororo wake uliokosa grisi. Akishaiegemeza ukutani, huchukua mfuko wa machungwa ya Muheza aliouning'iniza kwenye usukani, akaketi barazani kumenya. Ganda lilitoka utepe mmoja mrefu. Mikono yangu ilikuwa na mtoto, basi kipande kimoja hula yeye, cha pili akanitia mimi kinywani.

Kwa miezi minne, mapenzi yetu yaliishia hapo.

Karibu ndani, vua viatu. Chumba kinanuka udi, mafuta ya nazi na maziwa yaliyochachia kwenye kanga. Kitanda hicho cha nne kwa sita mama yangu alikilalia nami siku arobaini, akinikanda kwa maji ya moto, akinipikia uji wa pilipili manga, na mwenye kitanda kahamishiwa mkekani ukumbini. Siku ya kurudi kwake Pangani aliniita jikoni, akashusha sauti: "Mwanangu, usije ukambemenda mtoto." Yaani tukikutana, maziwa yatachafuka na mtoto ataishiwa nguvu za miguu. Nilikwisha kumwona mtaani mtoto aliyesemwa hivyo, na minong'ono iliyomfuata mama yake hadi bombani. Mkeka ukabaki ukumbini.

Kusema kweli, hofu ile ilinifaa. Mwili wangu kutwa ulinyonywa, ukashikwa, ukacheuliwa; usiku niliutaka uwe wangu peke yangu.

Kliniki, nesi mtu mzima alimning'iniza mtoto kwenye mzani, akaandika kadi, akaona siondoki. "Sema, mama." Nilipomaliza, hakucheka. Maziwa hayaharibiwi na baba, alisema. Kinachomdhuru mtoto ni mimba ya haraka, ukamwachisha ziwa kabla ya wakati. Kama hedhi haijarudi, mtoto hajafikisha miezi 6, na ananyonya usiku na mchana bila kuonjeshwa hata maji, mimba ni nadra. Moja katika hayo likibadilika, njoo nikupe vidonge vya wanaonyonyesha. Kisha, kwa sauti ya chini: "Anayenyonyesha hukauka, ni homoni hizo. Usidhani umemchoka mumeo. Msikimbizane."

Sikumwambia mume wangu lolote. Sikujua pa kuanzia.

Vuli ndiyo iliyoanza. Bati lilivuja ukumbini, mkeka ukaloa, naye akasimama mlangoni ameukunja kwapani kama msafiri aombaye malazi. Nikamsogeza mtoto upande wa ukuta. Mvua ilipiga bati kwa kishindo; tulilala ubavu kwa ubavu, akinisugua mgongo taratibu, mpaka nikamgeukia mwenyewe. Mara maziwa yakanitoka bila kuitwa, yakamlowesha kifua. Tulicheka tumejiziba midomo kwa mto, maana mpangaji wa chumba cha pili alikuwa mpole wa maneno, si wa masikio. Mtoto akaamka. Usiku huo hatukufika mbali, wala hatukuwa na haraka.

Asubuhi niliuanika mkeka uani. Ulipokauka nikauweka wa kuanikia mchele.

Mtoto alinyonya miaka miwili na ushei. Kutembea alitembea akiwa na miezi 11.